Kamati Yakagua Giza Kabla ya Kulilipia

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TANO CHA KAMATI YA WAZAZI WA DARASA LA TANO

Siku: Ijumaa ya pili ya mwezi
Mahali: Chumba cha walimu, kisha uwanja wa nyuma ya shule (sababu zimeelezwa chini)

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mkunga mstaafu), Mweka Hazina (mwenye duka la vifaa vya ujenzi), Mwalimu wa Sayansi, Fundi Cherehani (bibi wa mwanafunzi mmoja), na Katibu (kinyozi), anayeandika haya.
Asiyehudhuria: Mjumbe Dereva. Alituma udhuru uleule wa vikao vilivyopita.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na moja jioni na kuwaomba wajumbe waseme kwa zamu. Ombi lilipokelewa, halikufuatwa.

KUMB. NA. 2/5: SAFARI YA KULALA MSITUNI
Mwalimu wa Sayansi alieleza kwamba watoto watalala usiku mmoja kambini, wajifunze ndege, nyota na wadudu kwa macho yao badala ya ubaoni. Basi limeshapatikana. Tatizo ni watoto tisa ambao kwao hawakuweza kuchangia, na kambi inataka jibu kesho asubuhi.

Mweka Hazina alipendekeza waliolipa waende na wengine wasubiri mwaka ujao. Mwalimu alijibu kwamba mwaka ujao watakuwa darasa la sita, na kwamba yeye hawezi kurudi Jumatatu kuwasimulia wengine walichokiona wenzao. Waende wote au safari ivunjwe.

Fundi Cherehani, ambaye mjukuu wake ni mmoja wa hao tisa, alisema mtoto ameshakunja blanketi la safari tangu wiki iliyopita, na kila siku analala bila kujifunika ili asilikunjue.

KUMB. NA. 3/5: FEDHA ZA GETI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba ziko fedha za geti jipya, na zinatosha kuwalipia hao tisa. Mweka Hazina alitia ngumu. Fundi Cherehani alitaka kujua geti hilo litanunuliwa duka la nani. Mweka Hazina alisema swali hilo halimo kwenye ajenda. Fundi aliomba liandikwe hata hivyo. Limeandikwa.

Ndipo Mweka Hazina alipoikumbusha kamati desturi yake ya kutolipia kitu isichokikagua. Madawati yalikaliwa na wajumbe wote, na tangi la maji Mwenyekiti mwenyewe aliingia ndani, ikabidi atolewe.

"Sasa huo usiku nani ameukagua?" aliuliza. "Giza ni mchana uliozimwa taa tu. Hakuna kitu mle."

Katibu aliona hoja ni ya kukwamisha, ila ilikuwa ndani ya kanuni. Mwenyekiti alisema basi, ukaguzi ufanyike leo leo. Kikao kiliahirishwa hadi jua lizame.

KUMB. NA. 4/5: UKAGUZI WA GIZA
Wajumbe walikaa kwenye nyasi za uwanja wa nyuma, upande unaopakana na korongo. Mwalimu aliagiza simu zizimwe. Mwanzoni hakikuonekana kitu, na Mweka Hazina alisema si aliwaambia. Baadaye macho yalizoea. Fundi Cherehani aliona popo wakitoka chini ya paa la ofisi ya mwalimu mkuu. Mwenyekiti na Katibu walibishana kama nyota fulani ni ndege ya abiria, mpaka ikaondoka. Katibu ananyoa watu jirani na uwanja huu miaka yote na hakuwahi kujua kwamba nyasi hubadilisha harufu jua likishazama. Alifurahi sana, na anaona hakuna ubaya kuliandika.

Kisha ilisikika sauti kutoka korongoni, kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko. Ikanyamaza, ikarudi. Mwenyekiti alisema ni chura. Fundi alisema ni ndege. Katibu alisema ni mlinzi wa shule. Mlinzi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikanusha.

Mweka Hazina aliinuka, akaenda hadi ukingoni, akachuchumaa. Sauti ilikoma. Alisubiri palepale, na suruali yake ya kazi, hadi iliporudi.

Alimuuliza Mwalimu ni kitu gani. Mwalimu alisema anakijua ila hatasema, kwa kuwa hilo ndilo somo la kwanza kambini, na watoto watawaeleza wazazi wakirudi. Mweka Hazina alisema huo si uungwana. Aliuliza tena, safari hii kwa upole.

KUMB. NA. 5/5: UAMUZI
Mwenyekiti aliuliza kama ukaguzi umetosha.

"Geti la zamani likiwekewa jiwe linafunga," alisema Mweka Hazina. "Waende wote."

Hakuna aliyepinga. Mweka Hazina aliongeza kwamba juzi binti yake alimuuliza gizani kuna nini, naye akamjibu hakuna kitu. Aliomba kumbukumbu zionyeshe kwamba jibu hilo limefutwa.

KUMB. NA. 6/5: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa moja na nusu usiku. Mweka Hazina alibaki korongoni. Fundi Cherehani hakusubiri hata kuagana. Alisema anawahi nyumbani kabla mtoto hajalala, amwambie leo ajifunike.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................