Zimeiva

Mume wangu Erasto,

Sasa hivi mwanangu Neema kachukua kifuniko cha sufuria, kakifanya usukani, kaingia nacho kwenye unga. Nikakukumbuka. Huku Mbalizi hatujambo. Najua unaona haya kuwa mjukuu wa msichana mnayelingana umri, lakini ubibi nimepewa na ukoo.

Unauliza ufanyeje, madereva wenzako wanakucheka unaendesha taratibu. Babu yako wa kiukoo, yaani kaka yangu, naye alichekwa kabla hajawa bingwa wa mbio za magari. Udereva alijifunzia kwenye lori la nyanya, na nyanya hazitaki kurushwarushwa. Siku ya mashindano yake ya kwanza, mimi na mama tulisimama Ilula na tenga letu. Barabara ilikuwa mawe matupu. Wenzake walipita kama wanafukuzwa na nyuki. Yeye akaja anakwepa jiwe mojamoja.

Watu wakamzomea, "Kanyaga, bwana! Umebeba nyanya?"

Akatoa kichwa dirishani. "Ndiyo, na zimeiva!"

Mama akainamisha uso. Lakini magari ya wale wenzake yalivunjika springi njiani, na lake ndilo lililoingia Iringa la kwanza. Habari ilipotufikia, mama alijitwika tenga akazunguka soko zima: "Zimeiva! Zimeiva!" Tangu hapo, kila aliposhinda, nyumbani hatukusema ameshinda. Tulisema zimeiva.

Basi wakikucheka, wajibu hivyohivyo. Siku utakayoingia hapa na gari zima, nitasimama barabarani na Neema mgongoni, nipige kelele mpaka... Mama mkwe ananiita, Neema kaendesha hadi kwenye banda la mbuzi, ngoja ni...