Aliyengojwa na Kasheshe

Mwaka umezunguka, mama yetu mpendwa, Dkt. Esteria Mboje, tangu asubuhi ile ulipotuaga hapa Bariadi, pamba ikiwa ndiyo kwanza inafunguka na shamba zima limekuwa jeupe. Tunasema ulituaga kwa sababu baba yetu, mzee Ngassa, halipendi neno lile jingine. Kwake bado uko mahali fulani katikati ya weupe ule, umevaa mabuti yako ya mpira, umeinama unamtazama ng'ombe usoni.

Ndivyo ulivyoishi. Wengine humtazama ng'ombe mgongo na mapaja wakakisia bei yake. Wewe ulitazama macho, masikio na namna anavyohema. Kazi yako yote ya utafiti ilikuwa kuuliza mnyama huyu anajisikiaje, na sisi tufanye nini ili ajisikie vizuri. Ulimvalisha maksai mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo, ukakaa kando na kofia yako ya ukindu, ukangoja. Mjini walikutania, wakakuita daktari wa ng'ombe wenye mawazo, nawe ukacheka nao.

Mnadani hukumkaripia mtu. Uliwaita wapakiaji wa ng'ombe kwa mama ntilie, ukawanunulia chai, ukawauliza habari za watoto wao. Kikombe kilipokwisha walikuwa wamekubali kupunguza fimbo na kutandika nyasi kwenye sakafu ya lori. Wapo wanaofanya hivyo hadi leo, mama, na wengine wamerudia fimbo zao, hatutakudanganya.

Nyumbani baba alikuwa na wimbo wake mmoja. "Mimi nikinuna hunipimi," alikwambia. "Ng'ombe akinuna, mbio unaleta mkanda."

"Wewe unasema mwenyewe, baba Nathanael," ulimjibu. "Kasheshe hawezi kusema."

Lakini kwenye kazi hukuwa na mzaha. Mtu akikuambia ng'ombe wake amefurahi, ulimwambia, "Moyo umetulia. Sababu hatujui bado." Ulitukataza kumwekea mnyama maneno yetu mdomoni, hata yawe maneno ya upendo. Tulikuona mgumu kidogo kwa hilo.

Unawakumbuka Kasheshe na Tajiri, maksai wako wawili. Walikulia zizi moja, wakafundishwa nira moja, wakalima bega kwa bega, na wakilala walilala migongo imegusana. Kasheshe alipewa jina hilo kwa vurugu za undama wake, kisha akakua akawa mpole kuliko wote. Baada ya matanga, wazee walikaa wakakubaliana kwamba kaka yako, mjomba Yakobo, aondoke na Tajiri hadi kwake Zagayu. Kwetu ng'ombe akihamia kwa ndugu, ndugu hawaachi kutembeleana, na hakuna aliyeona tatizo. Mjomba alimswaga polepole, anafuta machozi kwa mkono wa shati.

Wiki hiyohiyo Kasheshe aliacha kula. Alisimama kwenye lango la zizi kuanzia asubuhi, ameielekea njia uliyokuwa ukirudi nayo kutoka kazini, masikio yamelegea. Mashudu yalibaki kwenye beseni mpaka kuku wakayamaliza. Wanajumuiya waliokuja kusali nasi walimwona, na habari zikafika mbali: yupo ng'ombe Bariadi anamlilia mama Esteria. Jirani yetu Nyanjige alimshika shingo akalia naye, na sisi tulisimama pale tumefarijika, tukiamini.

Aliyeamini kuliko wote ni baba. Alihamishia kigoda chake pale langoni. Ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelala juu ya ngitili, ile nyasi tuliyoitunza kwa ajili ya kiangazi, yeye na Kasheshe walikuwa wameshakaa wanaitazama njia. Alituambia kwamba saa zile njia huwa nyeupe kama maziwa, mtu hawezi kujua kama aliyesimama kule ni mti au ni mtu. Mara nyingine alikuona. Ulikuwa unakuja bila haraka, kofia mkononi, unasimama kila hatua chache kutazama kitu majanini, na jua likipanda ulikuwa hujafika. Hakuumia sana, alisema, kwa kuwa alikuwa na mwenzake wa kungoja naye.

Wakati huo Kasheshe alikuwa anakwisha. Mbavu zilihesabika. Danford wa mtaa wa pili alikuja akamzunguka, akakuna kidevu.

"Mzee, huyu achinjwe sasa, bado ana nyama. Mkichelewa mtachuna ngozi tupu."

"Huyu hachinjwi," baba alisema. "Huyu ndiye anayelia kama mimi."

Ndipo akaja Winnie, mwanafunzi wako, aliporudi kutoka chuoni Morogoro. Alipiga goti kidogo mbele ya baba, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mwone mwenzangu. Anamlilia mwalimu wako."

Winnie alimvalisha Kasheshe mkanda, akatazama pumzi na masikio. Kisha akauliza yale ambayo ungeuliza wewe: nini kimebadilika hapa nyumbani?

"Ameondoka yeye," baba alisema.

"Na nani mwingine, baba?"

Baba alisimama, akaingia kwenye pamba, tukamwona anatembea kati ya mistari kama mtu aliyepoteza kitu kidogo. Tulijua anachoogopa. Akirudishwa Tajiri na Kasheshe akala, basi hakuwa analia kwa ajili yako, na baba atabaki langoni peke yake. Asiporudishwa, Kasheshe atakufa. Jioni aliketi na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, bila kuionja.

"Nimemwekea maneno yangu mdomoni," alisema mwishowe. "Nilikuwa naona raha kuyasikia."

Akampigia simu mjomba Yakobo yeye mwenyewe.

Tajiri alipotokea kwenye ile njia nyeupe, wa kwanza kumwona hakuwa mtu. Kasheshe aliinua masikio kabla hatujaona chochote, akatoa mlio ambao hatukuwa tumeusikia tangu msiba. Waliponusana alishusha kichwa kwenye bega la mwenzake, akabaki hivyo. Winnie alikuwa anasoma mapigo kwenye kifaa cha mkanda, akasema moyo unatulia, unazidi kutulia. Kabla ya jua kuchwa, beseni la mashudu lilikuwa tupu, na kuku walikuwa wamebaki wameduwaa.

Tulifurahi, mama, na tuliona aibu kidogo kwa furaha hiyo, kama waliokuondolea kitu. Winnie alitutoa wasiwasi. Alisema huenda Kasheshe alikuwa akikungoja na wewe pia, hilo hakulipima na hawezi kulikanusha. Alisema tu kwamba aliyekuwa akingojwa, sehemu kubwa, alikuwa Zagayu.

Baba alikuwa ameegemea nguzo ya lango, anawatazama wale wawili. Winnie alipomvua Kasheshe mkanda, baba alinyoosha mkono.

"Nifunge mimi."

Mkanda wa ng'ombe ulimzunguka mara mbili na ukabaki. Nyanjige alicheka, sote tukacheka, hata yeye. Kisha akageuka akaitazama njia, na Winnie akainama kusoma.

"Moyo unakwenda mbio, baba," alisema taratibu.

"Na sababu?"

Machozi yalikuwa yamemjaa Winnie, lakini alijibu kama ulivyomfundisha.

"Sababu hatujui bado, baba."

"Mimi naijua," baba alisema.

Unakumbukwa na mumeo Ngassa, ambaye kigoda chake bado kiko langoni. Wanao Nathanael na Philomena. Kaka yako Yakobo wa Zagayu na familia yake. Jirani yako Nyanjige. Mwanafunzi wako Winnie. Pamoja na wanajumuiya wote. Kasheshe na Tajiri wako zizini, migongo imegusana, na msimu huu watalima pamoja.

Siku zote tutakukumbuka, mama, na sababu tunaijua.