Mkojo Mwekundu Tuliojivunia

Jumanne asubuhi. Mawingu yametanda juu ya Ngamiani, mvua haishuki, na chumba kizima kinanuka mkojo wangu.

Nina kinyaa. Mpira umepita ndani yangu hadi kwenye mfuko uliofungwa pajani, na nikiinuka nausikia uvuguvugu wake.

Jana majibu ya kinyama walichokata kibofuni hospitalini yalitoka. Ni saratani ya kibofu. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alisema kwingine duniani aina hii ni adimu, ila huku pwani huletwa na kichocho kilichokaa mwilini miaka mingi. Akauliza, "Mzee wangu, utotoni ulikojoa damu?"

Niliona aibu kumjibu.

Kule Kigombe tulioga kwenye bwawa la shamba la mkonge, kisha tukajipanga ukingoni kushindana nani mkojo wake mwekundu zaidi. Asiyetoa damu tulimwambia akanyonye, bado hajawa dume. Mimi nilishinda mara nyingi.

Mwaka jana damu ilirudi. Mimi ninayeandika kila kitu niliandika tarehe na rangi, mara kumi na nne, kisha nikafunga daftari. Sikumwambia mtu. Nilijinunulia dukani dawa za yutiai, za maambukizi ya mkojo, dozi juu ya dozi.

Nilikuwa karani wa ugonjwa wangu mwenyewe.

Hilo linanichefua kuliko mfuko huu.

Tiba ni kutoa kibofu chote na kutoboa tundu tumboni, mkojo uingie mfukoni maisha yangu yote. Daktari anasema saratani haijatoka nje ya kibofu, lakini nisichelewe.

Jana jioni shemeji yangu Bakari alileta chupa ya dawa ya mizizi. "Shemeji, ukikubali mfuko huo utaswali vipi? Utakuwa na najisi tumboni mpaka kufa."

Mke wangu, dada yake, akamjibu kutoka uani. "Kaka, mwenye udhuru hutawadha kila kipindi akaswali. Maiti ndiye haswali, huswaliwa."

Nilicheka, mpira ukanivuta, nikajikuta nalia mbele yao.

Karatasi ya kukubali upasuaji iko mbele yangu. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye neno mfuko.

Kinyaa hakijaisha. Nitatia saini nacho hivyohivyo.