Tumbo Tulilolificha Sisi Wawili

Bi Zuhura,

Mwalimu wangu, pilau ya arobaini yako ilizidi chumvi. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na hao wanaokufuata huko, maana Kipini haina siri, na najua yupo atakayefika na habari hiyo kabla hata hajaulizwa safari. Niliipika mimi. Mimi Rukia, uliyenifundisha miaka ishirini kwamba chumvi hutiwa kwa mkono wenye aibu. Siku hiyo aibu ndiyo iliyozidi, na ndiyo ninayotaka kukueleza.

Naandika nikiwa barazani kwangu Garsen, asubuhi, uji uko mbele yangu ndani ya kikombe cha kahawa. Nakunywa kwa kijiko cha mtoto, na nikija kumaliza, jua limeshafika kizingitini. Ungecheka. Wewe ulinijua nilipokuwa nikila sahani ya wali nimesimama, huku nikisubiri sahani nyingine.

Unakumbuka mizani? Ile ya zahanati ilishindwa nami, tukaenda ghala la mahindi pale Minjila nikapanda ya magunia, na mpimaji akauliza kama nauzwa kwa jumla au kwa rejareja. Nilicheka kuliko wote, maana mnene asiyewahi kucheka huchekwa mara mbili. Tulipofika nyumbani ndipo ukaniuliza taratibu kama yale maneno yaliniuma. Nikakwambia magoti ndiyo yanayoniuma, na hiyo sukari iliyoko kwenye damu. Nilikuwa naongopa. Yaliniuma.

Mwanangu wa Mombasa ndiye aliyetafuta madaktari wa kulikata tumbo langu nipungue. Watu wa Garsen tukawaambia tunakwenda kumlea mzazi, mwanangu kapata mtoto. Mpaka leo kuna wanaoniuliza mjukuu anaendeleaje, na mwanangu hata mke hana. Ulikaa nami hospitali siku zote. Daktari alipoeleza kwamba tumbo limebaki dogo kama yai, na njia ya chakula imeunganishwa upya, wewe ndiye uliyesikiliza; mimi nilikuwa nalia kwa kiu. Wewe ndiye uliyepewa karatasi ya masharti. Vitamini maisha yangu yote. Sukari mbali. Maji yasichanganywe na chakula. Na kwa wino mwekundu, vile vidonge vya maumivu vinavyouzwa kila mahali, nisivimeze kamwe, vitatoboa pale palipoungwa. Ukaikunja karatasi ukaifunga kwenye pindo la leso yako.

Kusema nilikataa mimi, hilo nalibeba. Niliona aibu ya pande mbili. Mpishi aliyekatwa tumbo ni mpishi gani? Na watu wangesema nimesafiri hadi Mombasa kutafuta mtu wa kunizuia kula, ilhali hapa kwetu mto ukifurika, au mvua ikikosa, kuna nyumba zinalala na chai ya rangi. Ningeyajibu vipi maneno hayo? Wewe ulinyamaza kwa ajili yangu, na ulinyamaza vizuri kupita kiasi.

Desturi yetu unaijua, ulinirithisha wewe. Kabla sinia la kwanza halijatoka, mpishi mkuu huchota kwa upawa na kula mbele ya wenye shughuli, amesimama, nao wanamwangalia mpaka ameze. Asipokula mpishi, mzee hanawi mikono. Shughuli yetu ya kwanza baada ya Mombasa niliushika upawa nikiogopa kutapika mbele ya watu. Ukauchukua upawa mkononi mwangu ukasema mkubwa ndiye aanzaye, ukala. Nani angebisha? Tangu siku hiyo ukawa ndiwe ulimi wangu. Nilitia bizari, wewe ukaonja. Ukikunja pua napunguza, ukitikisa kichwa naongeza. Watu walisifu mkono wangu, na mkono wenyewe ulikuwa nusu.

Na ile harusi ya Minjila. Bibi harusi kanishikia gilasi ya sharubati kwa mkono wake mwenyewe, ningekataaje? Nikanywa yote. Haikupita nusu saa moyo ukaanza kupiga kama unataka kutoka, jasho likanivuja, macho yakaingia kiza. Ukanilaza nyuma ya magunia ya mchele, na wanawake walipokuja kuchungulia ukawaambia nina pepo, anataka marashi. Wakanimwagia chupa nzima. Nilinukia wiki mbili. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, tulicheka mpaka ukaniomba nikushike. Na kweli, tangu siku hiyo waliniheshimu. Wakawa hawanitumi maji kisimani, wanaogopa pepo atakasirika.

Nywele zilipoanza kutoka ukanifunga kilemba, ukasema kinanifanya nionekane hajati. Nilipozidi kukonda, wakanong'ona kwamba nimeukwaa. Wewe ukawaambia mpishi mnono ndiye anayewamalizia nyama. Ulikuwa na jibu kwa kila mtu. Mimi nilikuwa na wewe.

Kisha presha ikakulaza. Nilikuja Kipini nikakukuta umeegemea mto, mkono mmoja haukutii tena. "Ndoo karibu," ulisema, kwa hicho Kiswahili chako cha Kipini nilichozoea kukuchekea. Nikasogea. Ukaniambia, "Siri hii nilikusaidia kuibeba, Rukia. Sikukupa uzikwe nayo. Waambie watu." Nikaahidi nitasema baada ya mfungo. Mfungo ulipofika, wewe ulikuwa umeshatangulia.

Sasa sikiliza nilivyofanya.

Siku za matanga yako nilikaa chini kwenye mkeka kama wenzangu, na goti la kulia, ambalo halikunisamehe hata nilipopunguza uzito, likavimba. Niliporudi Garsen nikaenda duka la dawa. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo, kama nimewahi kupasuliwa. Dukani mlikuwa na wanawake wawili ninaofahamiana nao. Nikasema mimi mzima kama jiwe. Akanipa vidonge vile vile vya wino mwekundu. Nilivijua. Usidhani sikuvijua. Nilisimama pale navitazama, nikawaona wale wanawake wananitazama, nikavitia mfukoni.

Vilisaidia goti, sitasema uongo mwingine. Nikavimeza wiki baada ya wiki. Tumbo likaanza kuwaka, nikasema ni huzuni. Choo kikawa cheusi kama masizi, nikasema ni vile vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa Mombasa, maana daktari alisema huleta weusi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Arobaini yako ikafika. Nilikuja Kipini na Dhahabo, yule mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa, akibeba samli. Nilisimama juu ya sufuria tangu alfajiri. Kichefuchefu hakikuniruhusu kuonja hata punje, na hakukuwa na wa kumtazama usoni kama amekunja pua. Nikatia chumvi kwa kukisia. Nikasahau nimetia, nikatia tena.

Wazee wamekwisha kaa, dua imekwisha somwa, Kibibi, binti yako, akaniletea upawa. Bi Zuhura, ua mzima uliniangalia. Nilichota, nikala. Nikaijua chumvi papo hapo, nikafikiria utanisema nini, na hilo ndilo la mwisho nililofikiri nikiwa nimesimama. Nilitapika damu karibu na mafiga, nikaanguka.

Nilikuwa nasikia. Mtu mmoja upande wa wanaume akasema chakula kina kitu, msile. Masinia yakarudishwa chini. Nikasikia watu wanainuka. Arobaini yako, mwalimu wangu, watu wanainuka na njaa, na jina lako linatoka mlangoni pamoja na neno sumu. Na huku kwa wanawake, waliokuwepo kwenye harusi ya Minjila wakaanza kusema ni pepo wake huyo, leteni marashi, leteni ubani. Chetezo kikaja. Dhahabo ndiye aliyekipuliza, maskini, kwa mapenzi yake yote, moshi ukaniingia puani. Ule uongo wetu mtamu ulikuwa umekaa kifuani kwangu na damu ikinitoka.

Muuguzi mmoja aliyekuja kama mgeni akawasukuma, akanishika mkono, akaniuliza kama nimewahi kupasuliwa tumbo. Swali lile lile la dukani. Kibibi akajibu kwa niaba yangu kwamba hapana, huyu ana pepo tu, mama alikuwa akimjua.

Nilitaka kunyamaza, nisikufiche. Hata pale nilipokuwa, nilitaka kunyamaza.

Nikasema, "Sina pepo. Nilikatwa tumbo Mombasa, ili nipungue unene. Na nimekula vidonge nilivyokatazwa."

Dhahabo akaweka chetezo chini. "Sasa wewe nakatwa tumbo unanyamaza," akasema, "sisi nachoma ubani bure." Hakuna aliyecheka, lakini mimi, kwa mbali, nilitaka kucheka.

Kibibi akainama juu yangu. "Mama alijua?"

"Alijua. Ndiye aliyekuwa akinionjea."

Sikujua kama atalia au atanipiga. Akainuka, akaondoka. Nikamwona anaokota upawa, anausuuza, anakwenda mpaka mbele ya wazee. Akachota akala, akameza, akachota tena. Akasema, "Chumvi imezidi. Sumu haimo. Kuleni mumuombee mama."

Wakala. Nilipokuwa napandishwa gari la wagonjwa nilisikia vyano vya pilau vinagongana. Wameniambia baadaye kwamba maji yalinyweka siku hiyo kuliko siku yoyote pale kwako.

Malindi wakanishusha kamera kooni, wakakiona kidonda pale pale palipoungwa. Wakaniongezea damu. Kibibi alikuja kutoa yake. Haikuwa ya kundi langu, akapewa mtu mwingine asiyetujua. Alikaa kando ya kitanda changu akiwa bado amekasirika, ananilisha kwa kijiko amekasirika vile vile. Siku ya tatu akaniuliza ulikuwa ukionjaje, kwa ncha ya ulimi au kwa shavu. Nikajua ametusamehe, au ameanza.

Miezi minne imepita. Kidonda kimefunga, lakini sijawa mzima, na wanasema sitakuwa mzima kwa namna niliyoizoea. Vidole vya miguu vina ganzi kwa ajili ya vitamini nilizoacha siku za msiba. Nachomwa sindano kwa mpangilio, na hospitali ya hapa kila anayeingia zamu anaijua hadithi yangu, maana namsimulia kabla hajauliza. Sifikii tena sufuria kubwa. Naketi kwenye kigoda naelekeza, Kibibi anakoroga na kuonja. Kuna shughuli mbili zimetuacha. Mama mmoja alisema hadharani hawezi kulishwa na mtu mwenye tumbo la kushonwa. Iliniuma, na safari hii nilipoulizwa nikasema iliniuma.

Na nina kinyongo nawe kidogo, Bi Zuhura, niruhusu. Uliniombea mengi, ukanitunza, ukanionjea, lakini ulinifanya nidhani naweza kuwa na mwili usiohitaji kuelezwa. Ningekwambia haya ukiwa hai ungenirushia mwiko. Basi rusha. Najua pia kwamba ulipokaribiwa na mauti uliona mbele kuliko mimi, ukaniomba niseme, nami nikakupa tarehe badala ya neno.

Wiki jana alikuja mwanamke kutoka Nanighi, mnene kama nilivyokuwa, mwenye macho ya kuchoka kuchekesha watu. Naye ameambiwa na madaktari wake akatwe tumbo. Alikaa hapa barazani akakunjakunja ukingo wa buibui lake, mwisho akauliza kama najuta. Nikamwambia kisu sikijutii; sukari yangu imeshuka, nainuka chini bila kushikwa. Lakini nikamweleza na jasho, na nywele, na damu, na miguu nisiyoihisi asubuhi. Nikamwambia ataamua mwenyewe na daktari wake, ila akienda, mume ajue, jirani ajue, muuza dawa ajue. Akalia kidogo. Akanywa chai yake na sukari yote, nami nikamtazama kwa wivu ambao Mungu anisamehe.

Mwezi ujao wananishusha kamera tena. Naogopa. Nimewaambia watu kwamba naogopa, na Dhahabo ameapa kunisindikiza, ingawa safari yote ataniita mjinga.

Lala salama, mwalimu wangu, Mungu aiangazie nyumba yako. Nisipokuja Kipini haraka kukuzuru, usinune. Barabara inanitikisa na daktari hajaniruhusu. Ahadi yangu ni hii, na safari hii haina tarehe: atakayeniuliza tumboni mwangu mna nini nitamwambia, awe tabibu, awe mbeya. Vidonge vyangu nitavimeza mbele za watu. Na sitakufuata kwa uzembe. Nafasi kando yako niwekee, lakini mkeka usiutandike bado.

Mwanafunzi wako,
Rukia