Redio Ndani ya Makopo

Mutomo, 6 Juni 1994

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Natumaini kifua chako kimepoa na Mama hajambo.

Ofisini tumepanga redio tano uani, majaribio madogo. Ya kwanza hutuma maandishi, jirani yake hupokea na kupitisha, hadi ya mwisho. Moja ikifa, ujumbe utafute njia nyingine. Zikifaulu zitawekwa vilimani, ili zahanati za huko Ikutha ziweze kumwita daktari.

Kila mtu anashangilia. Lakini Jumamosi nilizima zote za katikati nipanguse vumbi, na ujumbe ukafika vilevile! Ua ni mdogo. Ya kwanza na ya mwisho zinasikizana moja kwa moja. Hatujajaribu chochote. Wafadhili wanakuja Ijumaa, na mkubwa wetu, Bwana Gicheru, ameshanunua mbuzi wa kuwachinjia. Mimi ni karani tu. Nikisema, nitafutwa kazi. Nifanyeje?

Mwanao,
Mumbua

Wote, 8 Juni 1994

Mama yangu Mumbua,

Ndiyo, nitakuita mama hata ukiwa karani. Jina ni la mama yangu. Kifua kimepoa. Ndeti aliyeniletea barua yako anarudi Mutomo kununua ng'ombe, nimempa hii.

Redio zako sizielewi. Naelewa kwamba mgonjwa wa Ikutha ataita na hakuna atakayesikia. Mwambie Gicheru mkiwa wawili. Mkubwa haaibishwi mbele ya watu. Akikufuta, njoo. Mbuzi wangu hawaulizi cheti.

Baba yako,
Nzomo

Wote, 16 Juni 1994

Mama yangu,

Hujambo? Mbona kimya? Ndeti anasema alikupa barua yangu Alhamisi, na Ijumaa alikuta ofisi yenu imefungwa. Mama yako ameshatandika kitanda chako.

Baba

Mutomo, 27 Juni 1994

Baba,

Nisamehe, sote tu wazima. Nilimwambia Bwana Gicheru Alhamisi ile ile niliyopata barua yako. Salamu zangu zilirefuka hadi akauliza, "Mumbua, kuna mtu amekufa?"

"Jaribio letu, bwana."

Nikamweleza yote. Kisha akawapigia wageni simu wasije, akafunga ofisi. Mbuzi tulimla wenyewe.

Tangu hapo tumefunika redio kwa makopo ya mafuta ya kupikia, zisisikie mbali, kana kwamba ziko vilimani. Ujumbe ulikwama kwenye redio ya pili. Tukarekebisha, ukakwama kwa ya tatu. Jumamosi tulizima ya katikati: kimya, kisha ukazungukia kwa jirani mwingine, ukafika. Bwana Gicheru aliruka kama ndama.

Wageni wanaalikwa upya, na barua nimeiandika mimi. Nimewaomba wachague wenyewe redio ya kuzima.

Mwanao,
Mumbua