Sauti Niliyoituma Kwenye Matanga Yako

Mama,

Mwanao Wabiwa sasa anaitwa mshtakiwa. Jumatatu natakiwa kwenye parke, kwa waendesha mashtaka, kwa ajili ya Mama Sifa. Najua utashtuka, maana ulituacha mimi na yeye tukikulilia pamoja, yeye ameshika miguu yako na mimi kichwa. Nataka habari hii uisikie kwangu, kwa sababu hapa mjini Baraka kila mtu ameshaisikia na kila mtu anaisimulia anavyopenda.

Uliondoka ghafla mno. Jioni ulikula bugali na samaki alivyokuletea Mama Sifa, asubuhi tumbo likakukamata, na jua lilipozama hukuwepo tena. Kwenye matanga watu walikaa kwenye mikeka wakaanza maswali yao: alikula nini, kwa nani? Unajua tulivyo. Anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, uone kwamba hakina kitu. Shangazi akaniuliza, "Alionjaka?" Nikatafuta kichwani, nikamwona Mama Sifa anaweka sahani, anaifunua, anavua viatu na kukaa. Hakuonja.

Mama, hakuwahi kuonja hata siku moja, tangu vita vimshushe kutoka milimani na wewe ukampa chumba cha nyuma. Mngeonjeana nini, ninyi mliokula sufuria moja? Hilo sikuliwaza. Niliwaza tu kwamba hakuonja. Nikashika telefone nikilia, nikaingia kwenye grupu ya familia, WhatsApp, nikasema kwa sauti yangu hii: "Mama hakukufa kifo ya Mungu. Ni ule mukimbizi, Mama Sifa, njo alimupa sumu. Hakuonja. Musimuache."

Musimuache. Mimi, uliyenifundisha kumwita mama mdogo.

Nilidhani grupu ya familia ni kama jiko letu, ukisema jambo linaishia kwenye moshi. Lakini Asende, mwanao mkubwa, alikuwa bado Misisi kwenye machimbo, hajapata pikipiki ya kuja kukuzika, na uchungu wake akaumalizia kwa kuituma sauti hiyo kwa wachimbaji wenzake. Kabla hatujakuteremsha kaburini ilikuwa imerudi Baraka, safari hii na picha ya Mama Sifa. Picha niliyoipiga mimi, Mama, siku ya sikukuu ya bamama kanisani. Mtu alikuwa amekukata pichani, umebaki mkono wako tu begani kwake. Nikakimbilia kuifuta ile sauti. Nikabonyeza futa kwa wote, nikashusha pumzi, mjinga mimi. Ilikuwa tayari kwenye telefone za watu nisiowajua hata majina.

Vijana wenye bunduki, wale wa kizuizi cha barabara ya Nundu, nao waliipata. Walikuja tukiwa bado kwenye mikeka, wakiuliza mulozi yuko wapi. Hawakumkuta. Alikuwa amesikia, akapita kwenye mashamba ya mihogo na nguo aliyovaa tu. Walivunja mlango wa chumba cha nyuma, wakachoma godoro lake na kile kitenge ulichomshonea. Watu wetu walitazama. Mimi nilisimama mlangoni na mdomo umefungwa, mdomo uleule nilioufungua vizuri sana siku mbili kabla.

Kisha muuguzi mmoja wa Nundu akaja kutupa pole. Alidhani tunajua. Kumbe zile siku zote ulizosema unakwenda Nundu kutafuta mihogo ulikuwa unakwenda hospitali, na Mama Sifa anakubebea mfuko. Uvimbe tumboni. Walitaka kukupasua, ukajibu wangoje vita vitulie kidogo, maana njia ikifungwa watoto watabaki na nani. Uvimbe haukungoja. Na ulimwambia Mama Sifa mbele ya huyo muuguzi, "Usiambiye batoto." Hakutuambia. Alikimbia kwenye mihogo akiitwa mchawi, na bado hakutuambia.

Hapo nilikukasirikia, Mama. Acha niseme. Nilikukasirikia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujitazama mimi mwenyewe.

Mashtaka hayakuwa wazo la Mama Sifa. Watu wa kanisa waliomficha Nundu ndio waliomsukuma, wakimwambia kwamba bila neno la sheria hatapita kizuizi chochote salama. Sasa amerudi, anapika bandarini kama zamani, ila kila anayekaa kwenye benchi lake anamwambia aonje kwanza. Anaonja. Sahani ya huyu, sahani ya yule, anachovya kidole, anaweka mdomoni, anacheka kidogo ili mteja asione vibaya. Nilimwona nikiwa nyuma ya magunia ya makaa, nikarudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni nisikutane naye.

Nilipoitwa mara ya kwanza, mwendesha mashtaka wa parke hakunipigia kelele. Alinieleza kwamba kumtaja mtu kuwa ameua, nawe huna ushahidi, ni kosa hata ukisemea kwenye telefone, hata ukiwaambia wa nyumbani tu, na anayeipeleka mbele sauti hiyo naye amejiingiza. Ndiyo maana Asende hashuki tena kutoka Misisi. Nikajitetea kwamba nilikuwa na uchungu. Akasema uchungu wangu anauelewa, lakini hii sauti ni ya nani? Akanipa mpaka Jumatatu nimjibu.

Hapo Baba mdogo akajitwika mambo yote, unamjua na maarifa yake. "Utasema telefone baliiba ku kilio," ameniambia. "Na tena sauti siku hizi banazitengenezaka na mashini." Familia nzima imekubali. Shangazi, ambaye ndiye aliyeniuliza swali lile, amekubali wa kwanza. Sauti ikikosa mwenyewe, kesi imekufa, tunarudi kula.

Sitakudanganya, ilinipendeza. Nina hofu ya gereza, Mama, hofu ya kweli. Lakini sauti isiyo na mwenyewe, nani atairudisha? Itaendelea kutembea, Misisi, Nundu, mpaka kule juu Minembwe, na Mama Sifa ataonja sahani za watu mpaka azeeke. Nimejaribu kutuma nyingine kwenye grupu, nikieleza ukweli wa ugonjwa wako. Hakuna aliyeipeleka popote. Asende alijibu kwa kidole gumba.

Kaburini kwako sijaja tangu tukuzike. Ningekutazama vipi? Ndiyo maana naandika.

Sasa pumzika, mama yangu. Siwezi kukuahidi kwamba rafiki yako atanisamehe, wala kwamba jioni ya Jumatatu nitalala nyumbani. Naahidi hili moja. Wataifungua ile sauti, Mama Sifa akiwa amekaa upande mmoja na Baba mdogo upande mwingine akinikonyeza. Nitaisikiliza yote. Na wakiuliza ni ya nani, nitasimama na kusema ni yangu.

Mwanao,
Wabiwa