Mtu Mzima wa Kusimamia Moto

Mke wangu mpenzi,

Mimi mzima. Paka naye mzima, ila amenuna tangu uondoke. Shimo la moto la uani nimelisogeza hatua kumi kutoka ukutani na ndoo ya maji ipo, kama kanuni za mtaa zinavyotaka.

Siku ile mkaguzi alipouliza, "Mtu mzima wa kusimamia moto ni nani?" nikakunyooshea kidole wewe, nilimaanisha mwenye akili. Haki ya Mungu, sikusema u mzee!

Jana karudi. Nikamwambia mtu mzima sasa ni mimi. Akauliza uko wapi, nikamweleza ulivyofungasha ukaenda kwa mama yako. Akachana kibali chetu cha kuwasha moto.

"Nyumba hii haina mtu mzima," akasema.

Rudi, mwanamwali wangu. Nasikia baridi.

Mumeo,
anayeendelea kukua